Jokofu Moja, Mifuko Mitatu: Kuoanisha Fedha za Huduma za Jamii na Malengo ya Maendeleo

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wawakilishi wa wananchi, ndugu zangu wahasibu, maafisa mipango na maafisa ustawi wa jamii, wadau wote mliofika, nawashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuoanisha fedha za umma zinazokwenda kwenye huduma za jamii na malengo ya maendeleo, ya taifa na ya dunia. Kila mmoja wetu humu ndani ameshaisikia mada hii ikisemwa kwa maneno makubwa. Mimi naomba nianze na jokofu.

Lilikuwa jokofu la chanjo kwenye zahanati ndogo niliyoitembelea nikiwa kwenye timu ya kufuatilia utekelezaji wa bajeti. Jokofu jipya, zuri, limebandikwa nembo ya aliyelinunua. Mlangoni kulikuwa na ile kadi ambayo muuguzi huandika nyuzi joto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mnaotoka idara za afya mnaijua. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Nikaifuata kadi kwa kidole: 4, 5, 4, 5, 6. Halafu 9. Halafu 13. Halafu nafasi tupu hadi mwisho wa mwezi.

Nikamuuliza muuguzi kulikoni. Akanijibu bila hasira, "Gesi imeisha, mkuu. Pesa ya mtungi bado haijashuka." Chanjo alizipakia kwenye kisanduku cha barafu akazipeleka kituo cha jirani zisiharibike. Siku ya kliniki akina mama walikuja na watoto wao mgongoni, akawaomba warudi wiki inayofuata. Wiki inayofuata, aliniambia, waliorudi hawakufika nusu.

Niliporudi ofisini nilifungua vitabu vya bajeti nikaanza kuitafuta zahanati ile. Jokofu nililikuta kwenye matumizi ya maendeleo, limeletwa kupitia mradi wa mfadhili. Chanjo nilizikuta kwenye mpango wa taifa wa chanjo. Gesi ilikuwa kwenye matumizi mengineyo, imebanwa kwenye mstari mmoja pamoja na sabuni, karatasi na nauli. Jokofu na chanjo, vyote viwili, safu ya pembeni vilikuwa vimeandikiwa Lengo la 3 kati ya yale malengo ya dunia, afya njema na ustawi. Mstari wa gesi haukuwa umeandikiwa lengo lolote. Na mapato yalipopungua robo ile, uliokatwa ni huo.

Ndugu washiriki, sina jambo lingine kubwa la kuwaambia leo zaidi ya hilo. Huduma moja ilitegemea mifuko mitatu, kila mfuko una mwenyewe, kila mmoja una kalenda yake, na ule mdogo kuliko yote, ambao hakuna aliyeona haja ya kuuandikia lengo, ndio uliokuwa umeshikilia lengo lenyewe. Tunapozungumza kuoanisha fedha na malengo, macho yetu huenda kwenye mafungu makubwa. Miaka yangu kwenye kazi hii imenifundisha kutazama mistari midogo.

Nisimnyooshee mtu kidole, kwa maana safu ile ya pembeni nami nimewahi kuijaza. Waraka ulitutaka tuonyeshe kila shughuli inachangia lengo gani la dunia na kipaumbele gani cha mpango wa taifa. Tuliifanya kazi hiyo usiku wa mwisho kabla ya kuwasilisha bajeti. Mmoja anasoma shughuli kwa sauti, mwingine anapiga namba. Madarasa, Lengo la 4. Visima, Lengo la 6. Gari la usimamizi tulilipa Lengo la 3 kwa sababu tu lilikuwa chini ya idara ya afya. Alfajiri bajeti yetu yote ilikuwa imeoanishwa, asilimia 100, na hakuna shughuli hata moja iliyobadilika kwa sababu ya namba tuliyoipa. Hakuna senti iliyohama kutoka mahali kwenda pengine. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na bado naona uchungu nikiukumbuka usiku ule, kwa sababu tulikuwa watu wenye ujuzi na nia njema, na muda wetu wote uliishia kwenye kupachika namba.

Tujiulize kwa nini kazi hii huishia hapo mara nyingi. Nadhani sababu kubwa ni kwamba malengo na bajeti vimeandikwa kwa lugha mbili tofauti. Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yenye shabaha 169, zikajipa hadi 2030. Zisomeni shabaha zile taratibu. Ya 3.1 inataka vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vishuke chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000. Ya 3.2 inataka vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vishuke hadi 25 au pungufu kwa kila vizazi hai 1,000. Ya 4.1 inataka wasichana na wavulana wote wamalize elimu ya msingi na sekondari bila malipo, na wawe wamejifunza kweli. Ya 1.3 inataka kila nchi iwe na mfumo wa hifadhi ya jamii unaowafikia maskini na walio hatarini. Hayo yote yanaeleza hali ya mtu: mama, mtoto, mwanafunzi, mzee. Afrika nayo, Januari mwaka huohuo, ilikuwa imepitisha Ajenda 2063 kupitia Umoja wa Afrika, na mle pia anayezungumzwa ni mtu.

Sasa fungueni kitabu cha bajeti. Bajeti hupangwa kwa ofisi: fungu la wizara hii, kasma ya idara ile, mishahara, matumizi mengineyo, maendeleo. Ni sawa iwe hivyo, maana lazima ajulikane afisa masuuli atakayejibu fedha zimekwenda wapi. Lakini mtoto wa miaka 3 hana fungu. Chanjo yake iko kwa mmoja, maji yake kwa mwingine, chakula chake cha lishe kwa wa tatu, cheti chake cha kuzaliwa kwa wa nne. Kibandiko cha lengo ukikiweka juu ya ofisi, ofisi inabaki ilivyokuwa.

Kwa miaka mingi dunia imejaribu kuliziba pengo hili kwa asilimia. Copenhagen, 1995, kwenye mkutano wa dunia wa maendeleo ya jamii, kulikuwa na wazo la 20/20: nchi inayotoa misaada ielekeze wastani wa asilimia 20 ya misaada yake kwenye huduma za msingi za jamii, na nchi inayopokea ielekeze huko asilimia 20 ya bajeti yake. Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi angalau asilimia 15 ya bajeti za taifa iende kwenye afya. Incheon, Korea Kusini, 2015, ilikuwa zamu ya elimu: asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali.

Viwango hivi sivibezi hata kidogo. Aliyewahi kukaa mbele ya maafisa wa hazina akitetea ukomo wa bajeti ya afya anajua thamani ya kuwa na namba iliyosainiwa na mkuu wa nchi. Nchi chache mno zimewahi kuifikia ile ya Abuja, na tuendelee kuidai. Ninachosema ni kwamba unaweza kufika asilimia 15 na jokofu bado likasoma nyuzi 13. Asilimia inapima kilichotengwa. Haijui kilichotolewa, haijui kilitolewa mwezi gani, haijui kilifika wapi.

Kuhusu kufika, kuna kisa cha Uganda ambacho kila mtu wa bajeti anapaswa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matumizi ya elimu ya msingi yalikuwa yanapanda kwenye vitabu, lakini takwimu za uandikishaji wa wanafunzi hazikuonyesha kupanda. Ukafanyika utafiti wa kuifuata fedha yenyewe, shule kwa shule, kwenye shule zipatazo 250. Ikabainika kwamba kati ya 1991 na 1995, shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Shule nyingi hazikupata kitu kabisa. Fedha zilikuwa zinaishia kwenye ngazi za kati.

Baada ya matokeo hayo serikali ilianza kutangaza magazetini fedha zinazopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kilichokuwa kinafika kilikuwa kimepita asilimia 80. Wapo wataalamu waliohoji kama sifa yote ni ya magazeti, kwa sababu wakati uleule kulikuwa na mageuzi mengine kwenye utoaji wa fedha, na nadhani wana hoja. Lakini tazameni kilichofanyika kwanza: mtu alikwenda hadi shuleni akauliza, "Mlipokea kiasi gani?" Lengo la elimu kwa wote lilikuwepo tangu zamani. Ahadi zilikuwepo. Swali lile halikuwa limeulizwa kwa mpangilio, hadi chini.

Na ukiuliza kiasi, uliza na tarehe. Hili halizungumzwi vya kutosha. Fedha za chakula cha wanafunzi zikifika shule zimefungwa, kwenye taarifa ya mwaka zitasomeka zimetolewa kwa ukamilifu. Fedha za dawa zikishuka wiki mbili kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, mganga mfawidhi atanunua kinachopatikana haraka ili zisirudi hazina, na rafu zitajaa vitu ambavyo wagonjwa hawakuvihitaji. Vitabu vitafunga vizuri, lakini wagonjwa wa miezi yote iliyotangulia walikwisha kuondoka mikono mitupu. Ningetamani kila ripoti ya utekelezaji iwe na safu moja ya tarehe karibu na safu ya kiasi. Ingetufundisha mengi kuliko safu ya namba za malengo.

Nije kwa washirika wa maendeleo, ambao baadhi yenu mko hapa, na nasema kwa heshima. Mwaka 2005, Paris, nchi wafadhili na nchi zinazopokea misaada zilikubaliana kwamba misaada ifuate mipango ya nchi husika na ipite kwenye mifumo yake ya fedha. Neno kuoanisha, kwenye mazungumzo ya misaada, lilipata uzito wake pale. Miaka 20 na zaidi imepita, na bado miradi inakuja na akaunti yake, fomu zake, viashiria vyake na mwaka wake wa fedha. Jokofu lile lililetwa na watu wema. Kwenye andiko la mradi kulikuwa na bei ya jokofu, usafirishaji, mafunzo ya siku 2 na uzinduzi. Gesi ya mwaka wa pili haikuwemo, na sisi upande wa serikali tuliosaini kupokea hatukuuliza nani atainunua.

Hapo kosa ni letu sote. Kila kinachojengwa au kununuliwa kwa fedha za maendeleo huzaa gharama za uendeshaji. Darasa linataka mwalimu na chaki, kisima kinataka fundi na vipuri, gari linataka mafuta. Mradi usiingie kwenye mpango mpaka mstari wake wa uendeshaji uwe umeandikwa, una kiasi, una fungu na una jina la anayeusimamia, kwa miaka yote kifaa kitakapofanya kazi. Najua tukifanya hivyo tutapokea miradi michache. Mimi niko tayari tupokee michache. Zahanati 5 zenye jokofu baridi zinawakinga watoto wengi kuliko zahanati 10 zenye jokofu moto.

Kuna mahali fedha na lengo vilifungwa pamoja tangu mwanzo, na naomba niwapeleke Meksiko. Mwaka 1997 serikali ya huko ilianzisha mpango ulioitwa Progresa. Kaya maskini za vijijini zilipewa fedha taslimu, mkononi mwa akina mama, kwa masharti mawili makuu: watoto wahudhurie shule, na familia ihudhurie kliniki. Ruzuku iliongezeka mtoto alipopanda darasa, na kwa ngazi ya sekondari msichana alipewa zaidi kuliko mvulana, kwa kuwa wasichana ndio waliokuwa wakiacha masomo zaidi. Ona jinsi lengo lilivyoingia ndani ya hesabu yenyewe ya malipo. Hakukuwa na haja ya safu ya pembeni.

Jambo la pili ni kwamba walijipanga kupima tangu siku ya kwanza. Katika jamii 506 zilizochaguliwa kwa ajili ya tathmini, 320 zilianza kupokea mapema na 186 zikasubiri, mgawanyo ukifanywa kwa bahati nasibu, ili tofauti ionekane. Matokeo yakawekwa wazi. Serikali ilipobadilika mwaka 2000 na chama kilichotawala kwa miongo 7 kikaondoka, wengi walitarajia mpango ufutwe kama ilivyokuwa desturi. Haukufutwa. Ulipewa jina jipya na kupanuliwa, na uliendelea kwa sura mbalimbali hadi 2019. Ushahidi uliokuwa mezani ulisaidia kuulinda.

Sikiwasilishi kisa hiki kama dawa ya kila mahali. Masharti ya kuhudhuria kliniki yanamuumiza mama ambaye kliniki yake iko mbali au imefungwa. Umemwadhibu kwa kosa la serikali. Ndiyo maana uhawilishaji wa fedha kwa kaya na bajeti ya huduma zenyewe ni lazima vipangwe meza moja, na mara nyingi vinapangwa kwenye majengo mawili yasiyosalimiana. Na hatua tuliyobakiza ni ndefu: kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2023 ndipo kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu wa dunia, asilimia 52.4, walikuwa wamefikiwa na angalau aina moja ya hifadhi ya jamii. Karibu nusu nyingine hawana kitu cha kushika mambo yanapoharibika.

Naijua hoja ambayo tayari iko vichwani mwenu: fedha hazitoshi. Ni kweli kabisa. Mwaka 2024 UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ilitoa taarifa kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi ambazo malipo ya riba ya madeni yanazidi kile kinachotumika kwenye elimu au kwenye afya. Mwenye hazina ya namna hiyo hawezi kuyabeba malengo 17 yote kwa uzito mmoja, na anayemwambia ayabebe hamsaidii. Kuchagua ni lazima. Mpango wa taifa unaotaja vipaumbele 40 haujachagua, umeahirisha uchaguzi mpaka siku fedha zitakapopungua. Siku hiyo anayechagua ni mhasibu, peke yake, saa 11 jioni, akitafuta mahali pa kukata.

Na atakata wapi? Mishahara hawezi kuigusa. Deni hawezi. Mradi wa mfadhili una mkataba. Anabaki na matumizi mengineyo: gesi, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa, chaki, nauli ya afisa ustawi wa jamii kwenda kumwona mtoto anayepigwa. Hakuna kikao kilichoamua kwamba hivyo ndivyo visivyo na maana. Vinakatwa kwa kuwa ndivyo pekee vinavyokatika. Basi kazi yetu, kama kweli tunataka bajeti ifuate malengo, ni kuamua mapema, kwenye kikao chenye muhtasari na saini, mistari ipi haitaguswa mapato yakishuka kwa asilimia 10, na ipi haitaguswa hata yakishuka kwa 20. Mistari hiyo iandikwe. Ipelekwe kwa wawakilishi wa wananchi wakaipitishe. Ibandikwe ukutani mwa kituo, ili muuguzi naye ajue alichoahidiwa na mwezi ambao kinapaswa kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu unaelekea kwisha, na sikupenda nimalize kwa kuongea tu. Kwenye kila meza nimeweka karatasi moja. Haina takwimu. Katikati nimeandika huduma moja: meza ya kwanza ina chanjo ya surua kwa mtoto wa miezi 9, meza ya pili ina mwanafunzi mwenye ulemavu wa kusikia akiwa darasani, meza ya tatu ina mzee anayepokea pensheni ya jamii, na kadhalika. Baada ya mapumziko naomba kila meza iandike kuizunguka huduma yake kila kitu kinachohitajika ili itokee siku ya Jumatano asubuhi, hadi kitu kidogo kabisa. Kando ya kila kitu andikeni kiko kwenye fungu gani, nani anatoa fedha, na robo iliyopita zilifika tarehe ngapi. Pale msipojua, acheni wazi, msikisie.

Kisha tutazikusanya karatasi zote, na tutaanza na zile nafasi zilizoachwa wazi.